Boga Linalolala Mchana: Mwongozo Kamili wa Kupambana na Bungua wa Shina Marekani na Kanada

Mwanzoni mwa Julai, saa nane mchana, majani ya boga yamelegea na kuinama kama miavuli iliyovunjika mbavu. Jua likishuka yanainuka, nawe unadhani ni joto tu. Unamwagilia. Kesho yake yanalala mapema zaidi, keshokutwa hayainuki kabisa, na kabla ya wiki mbili kwisha rando lililokuwa na urefu wa mita tatu limekauka. Ukilishika shina karibu na ardhi linabonyea. Ndani limeoza.

Aliyezoea kulima maboga Kigoma, Bukavu au Kakamega hukimbilia maji na mbolea, maana adui anayemfahamu ni nzi anayetaga ndani ya tunda changa. Huyu wa Amerika ya Kaskazini ni mwingine. Ni kiwavi wa nondo aitwaye Melittia cucurbitae, na maisha yake ya ulaji huyamalizia ndani ya shina. Tumwite bungua, kama wakulima wa mahindi wanavyowaita viwavi wanaotoboa mabua. Yupo mashariki mwa Milima ya Rocky, tangu kusini mwa Ontario na Quebec hadi Texas na Florida, na kusini zaidi mpaka Meksiko. Kama unalima Seattle au California, boga lako linanyauka kwa sababu nyingine.

Jamaa zake wapo Afrika pia. Mmoja, Melittia oedipus, alichukuliwa Kenya akaachiwa Hawaii mwaka 1996 ili atoboe mashina ya Coccinia grandis, gugu la ukoo wa maboga lililokuwa limefunika miti na nyaya za umeme. Kule kutoboa ni kazi anayoshukuriwa.

Shika jambo moja kabla ya mengine: kiwavi akishaingia ndani ya shina, hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia. Karibu kila hatua ya hapa chini hufanywa kabla jani hata moja halijalegea.

Ratiba yake ndiyo kalenda yako

Nondo huyu huruka mchana, na wengi humdhania nyigu. Mwili wake una urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Tumbo ni la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, mabawa ya mbele ni ya kijani kilichokolea na yanang'aa, na ya nyuma ni kama kioo, unaona ng'ambo. Miguu ya nyuma ina manyoya marefu ya rangi ya chungwa na nyeusi, utadhani kavaa soksi za sufu. Mtazame anakokwenda. Nyigu wengi huzunguka juu ya majani na maua, lakini huyu hushuka kwenye shina, anagusa, anaruka kidogo, anagusa tena. Kila anapogusa huenda ameacha yai.

Yai ni la kahawia, lina upana wa milimita 1, saizi ya mbegu ya mchicha ila ni bapa. Hutagwa moja moja, zaidi kwenye sentimita chache za chini za shina na kwenye vikonyo vya majani ya mwanzo. Jike mmoja anaweza kutaga 150 hadi 200. Baada ya siku 7 hadi 10 yai huanguliwa na kiwavi hutoboa shina mara moja. Anakula humo wiki 4 hadi 6, mpaka anakuwa mnene, mweupe wa maziwa, kichwa cha kahawia, urefu wa sentimita 2.5. Kisha anatoka, anaingia ardhini kina cha sentimita 2.5 hadi 15, anajifungia ndani ya kifuko cheusi cha hariri na kukaa humo majira yote ya baridi. Nondo wa mwakani atatokea hapo hapo ulipopanda mwaka huu. Hilo litarudi tukifika kwenye neti.

Tarehe hutofautiana. Texas nondo huanza katika majira ya kuchipua, Kentucky mapema Juni, Ohio kuanzia katikati ya Juni, Minnesota na New England mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Kaskazini kuna kizazi kimoja tu kwa mwaka. Kusini kuna viwili, na hivyo ulinzi wa huko ni mrefu zaidi. Njia nyepesi ya kujua siku yenyewe ni kutazama kando ya barabara: chikori, lile ua la buluu linaloota kwenye changarawe, linapoanza kuchanua, nondo naye anaanza kutoka.

Kwa uhakika zaidi tega bakuli la plastiki la rangi ya manjano. Lijaze maji robo tatu, tia matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo ili uso wa maji usimbebe mdudu, liweke karibu na maboga na ulikague kila jioni. Nondo wa kwanza akionekana humo, hesabu siku saba: viwavi wa kwanza wanakaribia kuanguliwa. Bakuli ni la kukupa habari tu, haliwezi kumaliza nondo wa bustani nzima.

Boga ulilopanda ni la aina gani?

Bungua hachagui mahali, ila anachagua boga. Siri iko kwenye kikonyo cha tunda, na kama mbegu umepewa na jirani bila jina, tunda moja lililokomaa litakuambia.

Kikonyo cha duara, kinene, chenye nyufa kama kizibo cha chupa na unaweza kukibonyeza kwa ukucha: hilo ni Cucurbita maxima. Maboga mengi makubwa matamu ya Afrika Mashariki ni ya kundi hili. Bungua analipenda kuliko yote, na aina ya Hubbard ya buluu humvuta kiasi kwamba wakulima huipanda pembezoni wiki mbili mapema ili imnase kabla hajafika shambani. Kikonyo kigumu, chenye pembe tano zilizochongoka na miiba inayokwaruza ni cha Cucurbita pepo, yaani zukini na yale maboga ya kuchonga sura mwezi Oktoba. Nalo hushambuliwa sana.

Kikonyo kigumu, laini, chenye pembe tano zinazotanuka kama mguu wa bata pale kinapokutana na tunda ni cha Cucurbita moschata. Shina lake ni gumu na limejaa, kiwavi hapati nafasi ya kustawi. Butternut, Seminole na Long Island Cheese ni za kundi hili. Vilevile calabaza, lile boga linalouzwa vipande vipande kwenye maduka ya Walatino. Kama bustani yako imeshavamiwa miaka miwili mfululizo, kubadili mbegu kutakusaidia kuliko dawa yoyote. Angalia tu siku: moschata nyingi zinataka siku 100 hadi 120 mpaka kukomaa, na aliyeko Maine au Minnesota inabidi aanzishe miche ndani ya nyumba wiki tatu kabla ya kuhamishia nje, la sivyo baridi itamkuta na matunda ya kijani. Anayelima maboga ili ale majani hana shida hiyo.

Matango na matikiti huguswa kwa nadra. Usipoteze neti juu yake kwa ajili ya mdudu huyu.

Kufunika

Hii ndiyo kinga yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na makosa madogo.

Kwa tuta la upana wa mita 1.2 unahitaji matao ya bomba la plastiki la nusu inchi, kila moja urefu wa mita 2.3. Chomeka sentimita 20 ardhini kila upande, tao litasimama kimo cha sentimita 60. Weka tao kila baada ya mita moja. Juu tandaza neti ya wadudu yenye upana wa mita 3, ili zibaki kama nusu mita kila upande za kufukia kwa udongo. Mawe hayatoshi, kwa sababu upepo ukinyanyua ukingo kwa upana wa vidole viwili, nondo ameshapita.

Dukani utaona vitambaa viwili vinavyofanana. Kile kizito cha kukinga baridi ya usiku kitaipika miche mwezi Julai. Chukua kile chepesi kabisa, au bora neti yenye matundu, inayopitisha hewa.

Funika siku ile ile unayohamisha miche au mbegu inapochomoza. Na hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika: usifunike ardhi iliyokuwa na maboga mwaka jana. Vifuko viko chini, nondo atatoka ndani ya neti, atakutana na mabua yako tu na hana pa kwenda. Utakuwa umemfuga.

Mambo hubadilika ua jike la kwanza likitokea. Utalijua kwa kijitunda kilicho chini ya petali, wakati ua dume linakaa juu ya kijiti kitupu. Bila nyuki, kijitunda hicho kitageuka manjano na kuanguka. Una njia mbili: kuondoa neti na kuhamia kwenye ulinzi wa mashina ulioelezwa mbele, au kuchavusha kwa mkono. Fanya hivyo alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kwa kuwa maua hujifunga kabla ya adhuhuri. Chuma ua dume lililochanua siku hiyo, ng'oa petali zote, kisha kisugue kijiti chenye unga wa manjano ndani ya ua jike, pande zote za katikati yake. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Rudisha neti papo hapo.

Kwa anayelima maboga kwa ajili ya majani, neti haina haja ya kuondoka hata siku moja. Vitabu vya hapa havilitaji jambo hilo, maana wenyeji wengi hawajui kama jani la boga ni mboga. Panda karibu karibu, sentimita 45 kati ya shina na shina, chuma ncha za sentimita 15 hadi 20 kila wiki, ng'oa maua yanapotokea, na funika mpaka baridi. Kila unapokata ncha, machipukizi ya pembeni hujaa na marando hayapati nafasi ya kusukuma neti. Chagua moschata au maxima, kwani majani ya pepo yana miiba inayobaki kooni hata ukiyamenya.

Mashina yasiyofunikwa

Shina likifika unene wa kalamu, lizungushie foili ya jikoni kuanzia sentimita 2 chini ya udongo hadi sentimita 15 juu yake. Iache ilegee kidogo, na uilegeze tena kila baada ya wiki moja kwa sababu shina linanenepa haraka na foili iliyobana hulikata. Soksi ndefu ya nailoni iliyokatwa utepe ni bora zaidi kwa kuwa inanyumbuka. Kinga hii haizuii yai lililotagwa juu yake, kwa hiyo ukaguzi unabaki palepale.

Kagua mara mbili kwa wiki. Piga magoti, geuza vikonyo vya chini, pangusa mayai kwa kidole gumba au kwa utepe wa gundi uliofungwa kidoleni na upande unaonata nje. Kwa mashina sita ni kazi ya dakika kumi. Kwa mashina mia haiwezekani, na hapo ndipo watu hugeukia dawa.

Dawa, na onyo kwa mla majani

Lebo ya dawa ya maboga hapa imeandikwa kwa anayekula tunda. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimepimwa kwa tunda, wala si kwa jani lililonyeshewa dawa moja kwa moja. Kwa hiyo dawa za permethrin, bifenthrin au carbaryl zikishagusa mche, majani yake yasiende jikoni msimu huo. Marekani kwenda kinyume na lebo ni kosa la kisheria, mbali na kudhuru tumbo lako.

Anayekula majani atumie Bt ya aina ya kurstaki, bakteria inayoua viwavi pekee. Lazima kiwavi aile, na muda wa kuila ni ule mfupi anapotafuna kuingia. Jua pia huiharibu ndani ya siku chache. Hivyo puliza jioni, lowesha sentimita 30 za chini za shina na vikonyo, rudia kila siku 5 hadi 7 tangu nondo wa kwanza hadi wiki mbili baada ya nondo wa mwisho. Husaidia, lakini usitegemee muujiza, hasa mvua ikinyesha mara kwa mara.

Anayekula tunda tu anaweza kutumia dawa ya spinosad au zile tatu zilizotajwa juu, pale lebo ya nchi yake inaporuhusu. Anza nondo wa kwanza anapoonekana au marando yanapoanza kutambaa, rudia kila siku 7 kwa awamu tatu au nne, isipokuwa lebo ikisema pungufu. Elekeza pua ya bomba chini, kwenye shina, usimwagie maua. Dawa hizi huua nyuki, wakiwemo wale nyuki wa maboga wanaochimba viota vyao ardhini kati ya mimea yako na kuanza kazi kabla jua halijachomoza. Jioni maua yakiwa yamefungwa ndiyo saa yake.

Ameshaingia: upasuaji

Dalili ya uhakika ni kinyesi chake, uji mzito wa kijani na manjano unaofanana na unga wa mbao uliolowa, ukitoka kwenye kitundu karibu na ardhi. Ukiuona kabla mche haujalala moja kwa moja, nafasi ipo. Fanya asubuhi.

1. Mwagilia mche jioni iliyotangulia. Andaa wembe au kisu chembamba, pamba yenye spiriti, waya mwembamba na ndoo ya udongo mbichi uliochanganywa na mboji.

2. Pangusa kinyesi, tafuta kitundu. Bonyeza shina kutoka hapo kwenda juu. Lilipo laini ndipo alipo.

3. Pasua kwa urefu, kufuata nyuzi za shina, usikate kwa kuvuka. Kina kiwe nusu ya unene, ili upande wa pili uendelee kupeleka maji. Anza kitunduni, nenda sentimita 3, chungulia, kisha endelea.

4. Mtoe kwa ncha ya waya na umponde. Usiishie hapo. Shina moja huweza kubeba viwavi kadhaa, na wanaoua mche baada ya upasuaji ni wale walioachwa. Endelea kupasua mpaka unakutana na nyama nyeupe, kavu, isiyo na uji.

5. Futa kisu kwa spiriti, funga mpasuko kwa vidole, kisha fukia sehemu yote iliyokatwa kwa udongo mbichi, kimo cha sentimita 5 hadi 8. Usiifunge kwa plastiki, itaoza.

6. Mwekee mche kivuli cha kanga kuukuu kwa siku tatu na usiache udongo huo ukauke kwa wiki mbili.

Kama hutaki kupasua, chota Bt iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo ndani ya bomba la sindano, dunga mililita 1 hivi kwenye sehemu laini, na rudia kila sentimita 10 kuelekea juu. Shina la pepo lina uwazi katikati na dawa huingia kwa urahisi. Ukisukuma ikarudi, umegonga ukuta. Sogeza sindano.

Mizizi ya akiba

Hili lifanyike kwa kila boga linalotambaa, limeshambuliwa au la. Kwenye kila kifundo, pale jani linapotokea, boga lina vichipukizi vya mizizi vinavyosubiri kugusa udongo unyevu. Rando likifika mita moja, chimba kijishimo cha sentimita 5 chini ya kifundo cha tatu, laza, fukia koleo mbili za udongo, mwagilia. Rudia kila baada ya vifundo viwili. Baada ya wiki mbili vuta kidogo. Likikataa, limeshika. Hapo bungua hata akilimaliza shina la mama, matunda ya mbele yanaendelea kunyonya. Zukini ya kichaka haina marando. Huyo unampandia mwenzake: kwa kaskazini, mbegu nyingine mwanzoni mwa Julai, ambayo itakomaa nondo wakiwa wameshamaliza kutaga, na kuzaa siku 50 hivi baada ya kupandwa.

Kabla hujapasua, hakikisha humsingizii. Kama majani yana madoa ya manjano yanayogeuka kahawia na chini yake kuna mayai ya shaba yaliyopangwa kwa safu, ni kunguni wa maboga, mdudu bapa wa kijivu anayenyonya. Kama rando moja limenyauka bila kitundu wala kinyesi, likate, gusanisha ncha mbili, zitenganishe polepole. Ute ukivutika kama uzi wa bamia, ni bakteria inayoletwa na mbawakavu wa manjano mwenye mistari myeusi, na mche huo ung'olewe.

Baada ya mavuno

Usiache mabua yasubiri theluji. Siku tunda la mwisho linapotoka, ng'oa mashina na mizizi, yapasue yaliyobonyea na uwaponde viwavi waliobaki. Yafunge kwenye mifuko ya takataka za bustani badala ya kuyatupa kwenye lundo baridi la mboji. Kisha tifua udongo kina cha sentimita 5 hadi 10 kuzunguka kila shina lilipokuwa. Vile vifuko vyeusi, vidogo kuliko kokwa ya tende, vitatokeza juu ndege wavimalize na baridi ivigandishe. Majira ya kuchipua pindua tena kwa kina, sentimita 20, ili waliosalia wasipate njia ya kutoka.

Kuhamisha maboga mita tano ndani ya bustani ya jumuiya hakumzuii nondo, kwa sababu anaruka na bustani ya jirani ina maboga yasiyofunikwa. Kunakupa ardhi isiyo na vifuko chini ya neti, na neti inafanya kazi hapo tu. Chora ramani ya matuta yako Septemba, mabua yakiwa bado yamesimama, maana ikifika Mei utakuwa umesahau tuta lipi lilikuwa la maboga.